Breki ya mkono si adui, na foki ni nusu ya breki

Najua nimepotea. Kazi ilinibana, seva za mteja mmoja zikaamua kufa kila Jumapili usiku, na kila nilipofungua ukurasa huu niandike chochote, usingizi ulinishinda. Leo nimerudi, lakini si kwa habari za kompyuta. Leo nataka tuongee juu ya pikipiki, na hasa breki na foki za mbele. Wale mliokuja kutafuta mambo ya hifadhidata mtanisamehe. Ila msiondoke haraka, maana somo ni lile lile.

Nianze na kisa.

Miezi michache iliyopita, jioni moja ya manyunyu, nilikuwa narudi nyumbani kwa pikipiki yangu ya 150cc. Mwendo haukuwa mkali. Mbele yangu kulikuwa na tuta, na kando ya tuta mama mmoja amebeba mtoto mgongoni na kikapu mkononi, anavuka. Nilimwona mapema. Nikakamata breki ya mkono na kukanyaga ya mguu kama kawaida. Breki ya mkono ikawa ngumu kama jiwe, lakini pikipiki haikusimama! Ilipungua mwendo polepole kama mkokoteni. Nilisimama kioo changu kikiwa kimegusa kikapu. Sukuma wiki zikamwagika barabarani.

Yule mama hakunitukana. Aliniangalia tu, akasema: "Kijana, hiyo pikipiki yako haina breki?"

Nikamwambia, "Nisamehe mama." Nikamsaidia kuokota mboga. Lakini lile swali lilinifuata mpaka nyumbani, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa la aibu. Pikipiki yangu ilikuwa na breki. Tena ilikuwa na pedi mpya! Nilikuwa nimezibadilisha wiki tatu kabla, na zile za kabla yake hazikuwa zimefikisha miezi minne. Nilikuwa pia nimenunua paipu ya breki iliyosukwa kwa nyaya za chuma, ile ya kupendeza, kwa sababu niliamini breki zangu zilikuwa dhaifu na zilihitaji kitu cha nguvu zaidi.

Kwa maneno mengine, mimi ninayelipwa kutafuta chanzo cha hitilafu kwenye programu, nilikuwa nafanya kile ninachowakataza vijana wangu kazini kila siku. Nilikuwa nabadilisha vitu bila kujua kilichoharibika.

Nilichokipata

Usiku ule nilikaa chini karakana (karakana ni neno kubwa, ni kibaraza cha nyuma chenye taa moja) nikajiuliza swali ambalo ningeuliza kama ingekuwa programu. Dalili ni ipi hasa?

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye pikipiki ya breki za diski alijue. Ukikamata breki ya mkono na ikaingia laini, ikizama mpaka karibu na usukani, shida iko kwenye mafuta ya breki: kuna hewa ndani, au kuna mahali panavuja. Lakini ikiwa ngumu na pikipiki haisimami, mafuta yanafanya kazi yake vizuri kabisa. Nguvu inafika. Shida iko pale pedi inapokutana na diski. Kuna kitu kinachoteleza.

Breki yangu ilikuwa ngumu. Kwa hiyo ile paipu ya bei ghali haikuwa na lolote la kufanya hapo.

Nikachukua karatasi nyeupe ya shashi, nikafuta diski. Ikatoka na alama ya kahawia. Nikafuta tena. Alama tena. Mafuta! Lakini yanatoka wapi? Nikainua macho juu ya kalipa, na hapo kwenye lile bomba la foki linalong'aa, chini ya kile kifuniko cha mpira cha kuzuia vumbi, kulikuwa na pete nyembamba ya mafuta yaliyochanganyika na udongo. Sili ya foki ilikuwa inavuja. Kila nikipita shimo, foki ilitema tone dogo, tone likateremka kwenye mguu wa foki, likafika kwenye kalipa, pedi ikalinywa. Nikinunua pedi mpya, zinakunywa nazo.

Hitilafu ilionekana kwenye breki, chanzo chake kiko kwenye foki. Nani kati yetu hajawahi kukesha akitafuta kosa kwenye ukurasa wa malipo, kumbe liko kwenye saa ya seva? :-)

Kwa nini naandika haya

Maoni yangu ni haya, na najua wengine watanipinga. Watu wengi tunaoendesha pikipiki ndogo hatuhitaji breki mpya. Tunahitaji kuzirudisha breki tulizo nazo katika hali iliyokusudiwa, tuzitazame breki na foki kama kitu kimoja, kisha tujifunze kuitumia ile ya mbele. Kazi kubwa ya hayo inaweza kufanyika nyumbani kwa pesa kidogo, mradi mtu awe tayari kupima kabla ya kununua.

Tangu 2008, serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo za chini ya 250cc, barabara zetu zimejaa. Nyingi kati ya hizo pikipiki zina breki za dramu mbele na nyuma, na nyingi hazina ule mfumo wa kompyuta wa kuzuia gurudumu lisifunge. India, zinakotengenezwa nyingi ya pikipiki tunazoziona hapa, ilianza 2018 kulazimisha mfumo huo kwa miundo mipya ya zaidi ya 125cc, na breki zilizounganishwa kwa zile ndogo. Mwaka 2019 sheria ikagusa zote zilizokuwa zikiuzwa huko. Sisi huku kompyuta ya breki ni vidole vyako. Kwa hiyo hali ya vifaa na ujuzi wa mwendeshaji ndivyo vyote tulivyo navyo.

Breki ya mkono

Nilipojifunza kuendesha, jambo la kwanza nililoambiwa ni "usiguse breki ya mkono, utapinduka." Nina hakika wengi wenu mliambiwa hivyo hivyo. Nimeona hata pikipiki za kubeba abiria ambazo waya wa breki ya mbele umefunguliwa kabisa, unaning'inia.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa inakata mita 16.7 kila sekunde. Kwa breki ya nyuma peke yake, kwenye lami kavu, mwendo hupungua kwa takriban mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde. Ukijaribu kupita hapo, gurudumu la nyuma linafunga na kuanza kuteleza. Ukitumia zote mbili vizuri, kufika 6 si jambo la ajabu kwa mtu wa kawaida.

Kwa 3, unahitaji mita 46 kusimama. Kwa 6, unahitaji mita 23. Na hiyo ni bila kuhesabu ile sekunde moja ya kushtuka, ambayo peke yake ni mita 17.

Kinachonitisha zaidi ni hiki. Pale kwenye mita 23, mahali ambapo mwenzako aliyetumia breki zote amesimama kabisa, wewe uliyetumia ya mguu tu bado una mwendo wa kilomita 42 kwa saa. Yule mama na mtoto wake wangekuwa wapi?

Sasa niwe mkweli, hofu ya breki ya mkono haikutoka hewani. Ukiikamata ghafla kwa nguvu zote, gurudumu la mbele linafunga kabla uzito haujalishukia, na ukianguka kwa gurudumu la mbele unaanguka haraka sana. Kwenye matope, kokoto na mchanga hatari inazidi. Tena ukiwa na abiria, uzito umelalia nyuma, kwa hiyo breki ya mguu inafanya kazi vizuri kuliko ukiwa peke yako, na ndiyo maana wenzetu wa bodaboda huiamini. Wanachokiona ni kweli. Wanachokosea ni hitimisho. Dawa ya breki inayofunga ghafla ni kuikamata kwa hatua mbili: bana kidogo, subiri mbele ishuke, kisha ongeza. Kuifungua na kuitupa si dawa.

Na hapo kwenye "subiri mbele ishuke" ndipo foki inapoingia.

Foki ni nusu ya breki

Chukua pikipiki na mwendeshaji wenye jumla ya kilo 200, zilizogawanyika nusu kwa nusu: 100 mbele, 100 nyuma. Kitovu cha uzito kiko sentimita 60 kutoka ardhini, na magurudumu yametengana kwa sentimita 130. Ukipiga breki kwa ile 6, uzito wa takriban kilo 55 unahama kutoka nyuma kwenda mbele. Sasa mbele kuna 155 na nyuma 45. Ndiyo sababu gurudumu la nyuma linafunga kwa urahisi, na ndiyo sababu breki kubwa huwekwa mbele.

Zile kilo 55 zote zinapita kwenye foki mbili. Ndani ya kila foki kuna springi, kuna mafuta, na kwenye pikipiki zetu za kawaida kuna kijiti chenye matundu madogo ambamo mafuta yanalazimishwa kupita. Springi inabeba uzito. Mafuta yanazuia springi isicheze kama godoro. Yakiwa yamechoka au yamepungua, mbele inazama kwa kasi mpaka chini kabisa, inagonga, na kuanzia hapo huna foki tena, una chuma kwa chuma. Shimo dogo likitokea wakati huo, gurudumu linarushwa juu. Na gurudumu lililo hewani halina breki, hata uwe na diski ya dhahabu.

Kwa hiyo ukiona mtu ananunua kalipa kubwa huku foki zake zinavuja, ni kama mtu anayenunua seva kubwa zaidi kwa sababu programu yake inavuja kumbukumbu. Atafurahi wiki mbili.

Nilichofanya, kwa mpangilio

Nilijiwekea sheria ya kazini: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika, ndipo uende kingine. Nilipata kipande cha barabara tulivu asubuhi na mapema, nikachora mstari kwa chaki, nikapiga breki kutoka kilomita 40 kwa saa za kwenye dashibodi, mara tano, nikapima kwa futi ya fundi wa ujenzi. Pikipiki ikiwa mbovu vile vile, wastani ulikuwa mita 16. Hiyo ndiyo namba yangu ya kuanzia. Usidanganywe na hisia. Baada ya kutoa jasho siku nzima kwenye pikipiki, hata ukiwa umefuta vumbi tu, itaonekana inasimama vizuri zaidi!

Nilianza na foki, kwa sababu hakuna maana ya kusafisha breki chini ya bomba linalovuja.

Kabla ya kununua sili, jaribu kwanza kuisafisha. Inua kile kifuniko cha vumbi, kata kipande chembamba cha plastiki laini kutoka chupa ya soda, kipitishe taratibu kati ya sili na bomba, zungusha ukitoa uchafu. Mara nyingine ni chembe ya mchanga tu imekaa hapo, na uvujaji unaisha. Kwangu haukuisha. Kifuniko kilikuwa kimepasuka, udongo umeingia, na bomba lilikuwa na vidoa vya kutu. Vile vidogo nilivisawazisha kwa msasa laini sana wenye maji, ukucha usikwame ukipita juu yake. Kama ukucha unakwama kwenye shimo, sili mpya haitadumu. Hapo ni kubadilisha bomba.

Kutoa foki si kazi ngumu, ila ina mahali pa kuheshimu. Mbele lazima ining'inie, kwa hiyo weka stendi kubwa na kitu imara chini ya injini. Kifuniko cha juu cha foki kinakandamizwa na springi. Kifungue polepole ukikishikilia kwa nguvu na uso wako ukiwa kando, la sivyo kitakupiga. Mafuta yaliyotoka kwangu yalikuwa ya kijivu, yananuka, na upande mmoja yalikuwa karibu nusu ya upande wa pili. Nusu!

Kitabu cha pikipiki yangu kinataka mafuta ya foki ya 10W, na kinataja urefu kutoka mdomo wa bomba mpaka kwenye mafuta, foki ikiwa imebanwa chini kabisa na springi imetolewa. Nilipima kwa rula, na kuongeza au kunyonya kwa sindano kubwa ya duka la dawa. Cha muhimu ni pande zote mbili zilingane. Na kama ukitaka mbele isizame sana mwishoni, unaweza kupandisha mafuta kwa milimita 5, ujaribu, kisha labda 5 nyingine. Hewa iliyobaki juu ya mafuta nayo ni springi. Ikipungua, foki inakaza zaidi ikikaribia chini. Ukizidisha, shinikizo litazitoa sili zako mpya, na utarudi tulikoanzia.

Hapa niseme juu ya mitindo miwili ninayoiona sana.

Wa kwanza ni kumimina oili ya injini ndani ya foki "ili iwe ngumu." Oili ya injini ya kawaida ni nzito mara kadhaa kuliko mafuta ya foki ya 10W. Ndiyo, mbele haitazama haraka. Lakini kwenye mashimo madogo madogo foki haitacheza kabisa, mikono itakufa ganzi, na gurudumu litarukaruka juu ya barabara badala ya kuifuata. Hata zile namba za W zisikudanganye, 10W ya kampuni moja si lazima iwe sawa na 10W ya nyingine. Ukipata chupa inayoonyesha cSt kwenye nyuzi 40, hiyo ndiyo namba ya kulinganisha.

Wa pili ni kuweka sarafu au vipande vya bomba juu ya springi. Hiyo inaibana springi kabla ya safari na kuinua mbele, lakini haiifanyi springi iwe ngumu zaidi. Ugumu wa springi uko kwenye waya wake na mizunguko yake. Ukitaka kujua kama unahitaji kuinua mbele, pima. Funga mkanda mwembamba wa plastiki, ule wa kufungia nyaya, kuzunguka bomba la foki. Pima foki ikiwa imenyooka yote, kisha keti, mtu akushikilie pikipiki wima, upime imezama kiasi gani. Kama foki inacheza milimita 120 kwa jumla, kuzama milimita 30 hadi 40 ukiwa umeketi ni sawa. Acha ule mkanda hapo. Baada ya safari ya wiki nzima utakuonyesha foki ilifika wapi. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya mfumo, tena ya bure.

Baada ya foki peke yake, na diski nikiwa nimeifuta, wastani ulishuka mpaka mita 14. Pedi zilikuwa bado zile zilizolewa mafuta.

Ndipo nikaingia kwenye breki. Diski niliisafisha kwa spiriti. Pedi nilizitupa. Najua kuna wanaozichoma juu ya moto mafuta yatoke, lakini pedi ikishanywa imekunywa, na bei ya pedi ni ndogo kuliko ya mguu. Kalipa ikafunguliwa, zile pini inazotelezea zikasafishwa na kupakwa grisi ya silikoni inayostahimili joto. Yangu moja ilikuwa imekwama kabisa, kwa hiyo pedi ya upande mmoja ilikuwa inafanya kazi peke yake! Kisha mafuta ya breki yakabadilishwa.

Juu ya mafuta ya breki, sikilizeni. DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 4 mpya lazima ihimili angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 155. Ukiteremka mlima mrefu ukiwa umekamata breki, yanachemka, mapovu yanaingia, na breki ya mkono inazama mpaka kwenye usukani. Badilisha kila baada ya miaka 2. Tumia chupa mpya iliyofungwa, aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha masta silinda. Usichanganye na DOT 5, hiyo ni ya silikoni, ni kitu kingine. Na usiweke kamwe oili ya injini wala ya haidroliki humo, itavimbisha mipira yote ya ndani. Yakimwagika kwenye rangi ya tangi, osha kwa maji mengi mara moja.

Wenye dramu, msijione mmeachwa. Fungua gurudumu, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji (usilipulize, si vumbi la kuvuta), piga msasa kidogo breki shuu zilizong'aa kama kioo, paka grisi kidogo sana kwenye ile kamu inayozifungua, kisha angalia waya. Waya uliochakaa nyuzi au unaokwaruza ndani ya ala yake unakula nusu ya nguvu ya vidole vyako. Na tafadhali, ule mkono mdogo unaovutwa na waya usiuhamishe meno ili "breki irudi juu." Kile kimshale cha kuonyesha breki shuu zimeisha kiliwekwa kwa sababu. Kuuhamisha ni kama kufuta ujumbe wa kosa badala ya kurekebisha kosa.

Baada ya pedi mpya kuzoeana na diski (breki kama ishirini hivi za wastani kutoka kilomita 50 mpaka 10, bila kusimama kabisa, huku ukiipa nafasi ya kupoa), nilirudi kwenye mstari wangu wa chaki. Mita 11.

Kutoka 16 mpaka 11. Mita 5. Ni zaidi ya urefu wa gari dogo. Nilitumia sili mbili, vifuniko viwili vya vumbi, lita moja ya mafuta ya foki, chupa ndogo ya DOT 4 na pedi. Vyote pamoja vilinigharimu chini ya ile paipu ya chuma niliyonunua kwa kiburi.

"Wewe ni mtu wa kompyuta"

Rafiki yangu mmoja aliposikia habari hii alinipigia simu akafoka. "Wewe ni mtu wa kompyuta. Breki hazina kitufe cha kuwasha upya. Ukikosea unakufa. Mpelekee fundi!"

Sina jibu la kejeli kwa hilo, kwa sababu ni hoja nzuri. Ninachosema ni kwamba "mpelekee fundi" peke yake haitoshi. Fundi wa kando ya barabara ana pikipiki sita zinamsubiri, na wenyewe wamesimama juu ya kichwa chake wakisema "fanya haraka chifu, kuna mteja." Zile pedi zangu za kwanza zilibadilishwa kwa dakika kumi na tano. Hakuna aliyeangalia foki, kwa sababu mimi mwenyewe nilisema "niwekee pedi," naye akaniwekea pedi. Nilimpa suluhisho badala ya kumpa dalili. Kosa langu.

Kwa hiyo nimejiwekea mipaka. Kusafisha, kupima, kubadilisha mafuta, pedi, sili: nyumbani, bila haraka, kitabu kikiwa wazi mbele yangu. Bolti za kalipa na za ekseli nakaza kwa spana ya kupimia nguvu niliyoazima, kisha naziwekea alama ya rangi nione kama zimesogea. Bomba lililopinda, diski iliyofika unene wa mwisho uliochongwa juu yake, masta silinda inayovuja: hapo naenda kwa mzee mmoja fundi ambaye amezifungua foki nyingi kuliko programu nilizoandika. Na hata nikimaliza kazi mwenyewe, namwomba aikague. Ananiita "injinia" kwa dhihaka, lakini anakagua. Mara ya kwanza alikuta nimesahau kurudisha kipini kidogo cha usalama kwenye ekseli. Hapo ndipo nilipoacha kujiona mjanja.

Na kuna sheria moja isiyo na mjadala: ukigusa breki, kabla hujawasha injini, kamata ile breki ya mkono mara nyingi mpaka iwe ngumu. Ukibadilisha pedi, pistoni zimesukumwa ndani, na mkamato wa kwanza utakuwa hewa tupu. Sukuma pikipiki uani kwa miguu, ijaribu. Kisha mwendo wa kutembea. Kisha kilomita 20. Hakuna anayepeleka programu mpya moja kwa moja kwa wateja wote bila kuijaribu... au basi, wapo, lakini wanajua walivyolala usiku ule.

Mwisho

Sijui yule mama anaitwa nani wala anakaa wapi. Napita pale karibu kila siku na sijamwona tena. Lakini nikifika kwenye lile tuta huwa napunguza mapema, vidole viwili vikiwa juu ya breki ya mkono, na mara nyingi swali lake hunijia.

Basi fanya hivi, leo kabla hujalala. Chukua kitambaa cheupe, futa bomba la foki chini ya kile kifuniko cha vumbi, kisha futa diski. Kikitoka kisafi, ulale salama. Kikitoka na mafuta, kesho usinunue pedi.

Tuonane wiki ijayo, seva zikiniruhusu.